Mlango Ambao Bibi Hakuuona

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Noela alichukua kitambaa chenye maji na kufuta madirisha ya mbele. Vumbi jekundu la Geita halichoki. Ukifuta mchana, jioni unaweza kuandika jina lako kwenye kioo kwa kidole. Baada ya madirisha alifagia baraza, akawawekea kuku maji, ndipo alipokaa kula. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kazi hizo alizifanya bila kusukumwa.

Nyumba yao ilikuwa Kalangalala, mjini Geita. Baba yake, Mayala, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha ya chuma. Mama yake, Scolastika, alishona sare za shule. Walikuwa wameijenga nyumba hiyo kidogo kidogo kwa miaka sita, wakahamia ikiwa na bati na milango, lakini kuta zilibaki na lipu tupu ya kijivu, ndani na nje. Noela aliizoea rangi ile ya saruji kiasi kwamba siku moja shuleni aliichora nyumba yao kwa penseli tu, akamwambia mwalimu kuwa picha imekamilika.

Mwezi wa saba, wakiwa mezani, baba alisema nyumba itapakwa rangi.

“Mama yangu anakuja kukaa nasi,” alisema. “Mavuno ya pamba yakiisha, naenda Kishapu kumfuata. Sitaki aingie kwenye nyumba inayofanana na ghala.”

Bibi huyo, Mariana Maduhu, alikuwa akiishi peke yake huko Kishapu, si mbali na Mhunze, tangu babu alipofariki. Macho yake yalianza kufifia miaka mitatu iliyopita. Daktari alisema ni presha ya macho. Alieleza kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi, lakini matone ya asubuhi na jioni yatalinda uliobaki. Bibi hakukosa matone yake hata siku moja. Na kwa uoni huo mdogo aliendelea kupika, kuwafungulia mbuzi na kwenda mnadani mwenyewe, mpaka majirani wakawa wanasema huenda daktari alikosea. Lakini umri ulikuwa unasonga, na Mayala hakutaka tena mama yake akae peke yake.

Jumamosi iliyofuata alikuja fundi wa rangi. Jina lake lilikuwa Bhoke. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye ovaroli iliyotapakaa madoa ya rangi za kila aina. Noela alikuwa hajawahi kumwona fundi rangi mwanamke. Alidhani angeanza kwa kuwaonyesha kadi ya rangi, ile yenye viboksi vingi vidogo kama inayokaa kwenye kaunta za maduka. Badala yake Bhoke alizunguka nyumba polepole, akiweka kiganja ukutani hapa na pale. Aliuliza jua linaingilia dirisha gani asubuhi. Aliuliza mvua hupiga kutoka upande upi, na nani analala chumba kipi.

“Mimi nje nataka bluu ya kung’aa,” baba alisema. “Mtu aione kutoka barabarani.”

Bhoke hakubishana naye. Alichukua vibao vitatu, kimoja akakipaka bluu ya kung’aa, kimoja nyeupe, na cha tatu akakipaka rangi ya mchanga kwa juu na rangi ya tofali la kuchoma kwa chini. Akaviegemeza nje, penye upepo wa barabarani.

“Tuviache siku kumi,” alisema. “Noela, kila jioni mwaga kopo la maji chini, mbele ya kila kibao, kwa nguvu kama mvua inavyopiga. Usivifute.”

Noela alifanya hivyo. Siku ya kumi waliviangalia. Kibao cha bluu kilikuwa na michirizi myekundu, kama mtu aliyelia akiwa na vumbi usoni. Cheupe kilionekana kimefutiwa mikono. Kile cha rangi ya mchanga kilikuwa vilevile, na matope yaliyorukia chini yalikuwa yamepotelea kwenye rangi ya tofali. Mayala alisimama akaviangalia kwa muda mrefu, kisha akacheka.

“Haya, vumbi limenichagulia,” alisema.

Noela alimtazama Bhoke kwa mshangao. Fundi yule alikuwa amembadilisha baba mawazo bila kumwambia neno.

Ndani mama alichagua kijani cha majani machanga kwa sebule. Chumba cha bibi kilikuwa na vitanda viwili, kwa kuwa Noela angelala humo pia, na ukumbi mwembamba ulitoka hapo kwenda mlango wa nje. Kwa sababu Noela alipenda kuchora, wazazi walisema yeye ndiye atakayechagua rangi za chumba hicho na ukumbi. Alifurahi mno.

“Vizuri,” Bhoke alikuwa amemwambia Jumamosi ile ya kwanza. “Lakini mwenzako wa chumba haoni kama wewe. Mpigie simu umuulize mambo matatu. Kwanza, mlango wa nyumba yake anautambua vipi? Pili, ni rangi gani anaiona kwa mbali zaidi? Tatu, kitu gani humsumbua macho? Uniletee majibu yake, siyo yako.”

Noela aliyaandika maswali hayo kwenye daftari. Kisha siku zikapita.

Rafiki yake Zuhra alikuwa binti wa mwenye duka la rangi. Alhamisi moja, baada ya masomo, walikaa dukani wakifungua vitabu vya picha za nyumba. Katika ukurasa mmoja Noela alikiona chumba cheupe kama maziwa. Ukuta ulikuwa mweupe, mlango mweupe, fremu ya mlango nyeupe, sakafu ikimetameta. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa rangi nyingine. Alihisi kama ameingia mahali ambapo vumbi halifiki.

“Hiki hapa,” alisema. “Ndicho nitakachomwambia fundi.”

“Umeshampigia bibi yako?” Zuhra aliuliza.

“Bado.”

“Mpigie. Ni dakika mbili tu.”

“Nikimpigia atasema anataka rangi ya udongo. Nyumba yake nzima imesilibwa kwa udongo.”

“Si ni chumba chake?”

“Na changu pia,” Noela alijibu, akafunga kitabu.

Siku walipoviangalia vibao, Bhoke alimwita pembeni. Noela alikuwa na jibu lake tayari.

“Bibi amesema anapenda nyeupe,” alisema. “Kila kitu kiwe cheupe, na milango. Ya kung’aa.”

Bhoke alimtazama kidogo. “Amesema mwenyewe?”

“Ndiyo.”

“Na mlango wa kwake anautambuaje?”

“Amesema ameuzoea tu.”

Bhoke aliandika kwenye kijidaftari chake, hakuuliza zaidi. Noela alihisi joto masikioni, lakini lilipita.

Kazi ilichukua wiki mbili. Noela alipenda kumtazama Bhoke akifanya kazi. Hakuwa fundi wa kukimbilia rola. Alikwangua kwanza, akaziba kila ufa, akapiga msasa, akafuta vumbi lote kwa kitambaa, akapaka rangi ya kwanza ya kushika ukuta na kuiacha ikauke. Ndipo akapanda ngazi na brashi nyembamba, akavuta mstari kati ya ukuta na dari kwa mkono mtupu, bila utepe wa kuzuia rangi, na mstari ukawa umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Zuhra alikuja siku mbili kutazama tu. Nje, nyumba iliyokuwa ya kijivu ikawa na rangi ya mchanga mkavu, na chini, kimo cha goti kuzunguka nyumba nzima, ukanda wa rangi ya tofali. Wapita njia walipunguza mwendo.

Chumba cha bibi kilitoka kama picha ya kitabuni. Noela alisimama katikati akazunguka. Hakuona kasoro hata moja.

Bibi Mariana alifika siku ya Jumanne mchana, akiwa na sanduku la bati na kapu la karanga. Noela alipiga goti kumwamkia.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mwadila,” bibi alijibu, akichanganya salamu ya Kisukuma kama kawaida yake. Akampapasa kichwani. “Umekuwa mrefu. Nimesikia harufu ya nyumba mpya. Wabeja, mwanangu Mayala, asante sana.”

Siku mbili za kwanza bibi alikaa kitandani, na wote walidhani ni uchovu wa safari. Siku ya tatu alitaka kwenda barazani. Aliinuka, akanyoosha mikono, akaenda moja kwa moja mpaka ukutani. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia, akarudi. Noela alikimbia akamshika mkono akamtoa.

Siku ya nne ilikuwa mbaya. Mlango wa chumba uliachwa nusu wazi. Bibi alikuwa akitembea taratibu, mikono yake miwili ikapita huku na huku ya ubao ule mweupe, na paji la uso likagonga ukingo wake. Alichanika juu ya nyusi. Mama alimsafisha jeraha kwa maji ya chumvi.

Kuanzia hapo bibi hakuinuka tena peke yake. Alikaa upande wa kitanda akielekea dirishani. Mwanga ulipoingia na kurudishwa na kuta zile za kung’aa, alifunika macho kwa kanga. Chakula aliletewa. Mwanamke aliyekuwa akienda mnadani mwenyewe sasa alingoja mtu ampeleke chooni.

“Macho yake yamekwisha kabisa,” Noela alimsikia mama akimwambia baba uani. “Nadhani niache kwanza kushona, nishinde naye nyumbani.”

“Wiki ijayo nampeleka hospitali Mwanza,” baba alisema. “Lakini yeye amekata tamaa. Jana ameniomba nimrudishe Kishapu. Anasema hataki kuwa mzigo.”

Noela alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo. Bado hakuwa na hakika kama ni kosa lake. Alikuwa na wasiwasi tu.

Kesho yake mchana alimwongoza bibi mpaka uani ili apate hewa. Mama alimwita kutoka jiko la nje amletee maji, na Noela akaenda kuyachukua. Aliporudi, kiti cha bibi kilikuwa kitupu. Alishtuka, akatazama huku na huku, kisha akamwona. Bibi alikuwa akitembea peke yake kando ya nyumba, mgongo wima, hatua zake ndefu na za uhakika. Mkono wake haukugusa ukuta. Alifika kwenye kona, akakata kona vizuri, akaenda kusimama kwenye mlango wa jiko la nje, ambao fremu yake ilikuwa imeiva kwa moshi ikawa nyeusi tii.

“Scolastika, naweza kukuchambulia mchele?” bibi aliuliza.

Mama alibaki ameshika mwiko. “Mama, nani amekuleta hapa?”

“Hakuna. Nimefuata ule mstari mwekundu wa chini.”

Noela aliweka maji chini. Alisubiri mpaka bibi akakaa na ungo wake wa mchele, akajikunyata karibu naye.

“Bibi, kule nyumbani mlango unautambuaje?”

Bibi Mariana alitabasamu, mara ya kwanza tangu afike. Alieleza kwamba kila mwaka baada ya mavuno alisiliba nyumba yake kwa mikono. Alichota udongo mweupe kwenye kingo za mto, akaukanda mpaka uwe laini kama uji, akapaka kuta. Chini alipaka udongo mwekundu. Kuzunguka mlango na dirisha alipaka tope jeusi lililochanganywa na masizi ya sufuria. Tangu msichana alikuwa akifanya hivyo, na wanawake wa vijiji vya jirani walimwita awafundishe.

“Macho yalipoanza kufifia, niliupanua weusi wa mlangoni,” alisema. “Upana wa kiganja, mwaka uliofuata viganja viwili. Mlango wangu nauona tangu kwenye zizi la mbuzi. Hapa kwenu nyumba ni nzuri, wananiambia. Lakini nikiwa chumbani naona maziwa. Kila mahali maziwa. Ndiyo maana najua macho yameniacha.”

Noela aliinuka akatoka getini.

Bhoke alikuwa akipaka duka karibu na soko, siyo mbali. Noela alimkuta juu ya ngazi, akamwamkia, kisha akasema yote akiwa chini pale, kwa sauti ndogo, akitazama kopo la rangi. Kwamba hakupiga simu. Kwamba yale majibu yalikuwa ya kwake. Kwamba bibi amechanika na anadhani amekuwa kipofu.

Bhoke alishuka ngazi. Aliweka brashi juu ya kopo kwa uangalifu.

“Nilikuwa na shaka,” alisema. “Ilinipasa nimpigie mwenyewe. Hilo ni kosa langu, nami nitalisema. Wewe la kwako utalisema kwa nani?”

“Kwa Baba na Mama.”

“Na nani mwingine?”

“Bibi.”

“Anza na huyo. Jumamosi asubuhi nitakuja.”

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kuliko Noela alivyotaka. Aliwakuta wote watatu barazani, baba akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Alipiga magoti mbele ya bibi. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yalimpotea, akasema yaliyobaki.

“Bibi, macho yako hayajaisha. Ni mimi. Fundi alinituma nikuulize kabla ya kupaka rangi. Sikukuuliza. Niliogopa utachagua rangi nisiyoipenda, nikamwambia fundi umesema nyeupe.”

Mama alifungua mdomo, lakini baba akamgusa mkono anyamaze. Bibi Mariana aliinamisha kichwa karibu na mjukuu wake.

“Rudia la kwanza,” alisema.

“Macho yako hayajaisha. Chumba ndicho hakionekani. Ukuta na mlango ni rangi moja.”

Bibi aliinua viganja vyake karibu na uso akavitazama, akavigeuza, kama anayekagua kama bado ni vyake. Machozi yalimtoka.

“Siku zote hizi nimeyalilia macho ambayo bado ninayo,” alisema taratibu. Akajifuta kwa kanga. “Nimefurahi, mjukuu wangu. Na nimekukasirikia pia. Usidhani furaha imeondoa hasira. Vyote viwili vipo.”

“Ndiyo, Bibi,” Noela alisema, naye analia. “Nisamehe.”

“Nitakusamehe. Niache kwanza nifurahi.”

Baba hakumpiga wala hakupaza sauti. Alisema tu kwamba fremu zote na milango itakwanguliwa upya kabla ya fundi kurudi, na atakayekwangua ni Noela. Kwa siku tatu, kila alipotoka shule, Noela alisugua kwa msasa mpaka ncha za vidole zikawaka. Ijumaa Zuhra alikuja, akachukua kipande cha msasa bila kuulizwa, akaanza na fremu ya upande wa pili.

“Wewe hukukosea kitu,” Noela alimwambia.

“Niliona hupigi simu, nikanyamaza,” Zuhra alijibu. “Sogea, unanizibia mwanga.”

Jumamosi Bhoke alifika na vibao vinne: kahawia, bluu, njano na nyeusi. Kwanza alimwomba bibi radhi kwa kutompigia simu yeye mwenyewe. Kisha akamkalisha kitandani, akasimama mlangoni na kuanza kuviinua kimoja kimoja.

“Hicho nakiona kama kivuli,” bibi alisema kwa cha kahawia. “Hicho kinachofuata ni kizuri. Hicho kingine kinaniamsha, kama taa. Na hicho cha mwisho ndicho kikali kuliko vyote.”

Cha mwisho kilikuwa cheusi. “Basi mlango wote tuupake nyeusi,” Noela alisema haraka.

“Hapana,” bibi alijibu. “Fremu iwe nyeusi, sawa. Lakini ubao wa mlango ukiwa mweusi nitadhani uko wazi. Weusi mkubwa kwangu ni tundu. Nitaingia kwa kasi nijigonge. Ubao upake ile ya pili.”

“Bluu,” Bhoke alisema.

“Bluu. Na ule ukingo ulionikata, upake ile inayoniamsha. Kizingiti pia. Ukuta uutoe huu mng’ao, unanichoma. Uwe kama wa nje, mtulivu. Halafu kule ukumbini chini, nipe mstari kama ule wa nje mpaka mlango mkubwa, niufuate.”

Bhoke alikuwa amekwisha kutoa kijidaftari chake na kuandika kila neno. Alipomaliza alimtazama bibi kwa heshima aliyoiona hata Noela.

“Mama, nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii,” alisema. “Hilo la mlango mweusi kuwa tundu sikulijua. Nitalitumia kila nitakapokwenda.”

“Nami nimepaka kuta miaka hamsini,” bibi alisema. “Ila udongo haunuki kama hiyo yako ya makopo.”

Kwa sababu ya harufu hiyo, rangi ya mafuta ya milango ilipopakwa, bibi na Noela walihamia sebuleni kwa siku tatu, madirisha ya chumbani yakiwa wazi mchana kutwa. Hospitali Mwanza baba alimpeleka vilevile kama alivyopanga. Daktari alipima, akasema macho yako palepale, akasisitiza matone.

Waliporudi, rangi ilikuwa imekauka. Bhoke alikuja kuchukua ngazi na kusafisha brashi za rangi ya maji alizoziacha zikiloweka uani. Mama alimwongoza bibi mpaka kitandani, akamwachia mkono, akatoka ukumbini na kusimama kando.

Bibi Mariana alikaa kidogo. Alitazama ukuta wa rangi ya mchanga, na katikati yake akaiona ile fremu nyeusi, wima. Aliinuka. Alikwenda moja kwa moja, akaunyooshea mkono ukingo wa njano akausogeza, akavuka kizingiti bila kupapasa. Ukumbini aliufuata mstari wa chini, hatua kwa hatua, akampita Scolastika aliyekuwa ameziba mdomo kwa kanga. Akafungua mlango mkubwa mwenyewe, akatoka barazani penye jua.

“Mayala,” aliita, “zile karanga zangu mmeziweka wapi? Nina kazi.”

Baba, aliyekuwa akingoja barazani pamoja na Noela, aliinama kama anayetafuta kitu chini. Noela alijua hatafuti kitu.

Chini ya bomba la uani Bhoke alikuwa akiosha brashi. Noela alichuchumaa karibu yake, akachukua moja akaanza kuiosha pia.

“Fundi, umeniona mtoto mbaya?”

Bhoke alikamua maji kwenye manyoya ya brashi kabla ya kujibu.

“Ulikosea vibaya. Nilikuuliza habari za mtu mwingine ukanijibu za kwako, ukalitumia jina lake. Wewe ulipata chumba ulichokitaka, na yeye ndiye aliyechanika uso. Ndivyo uongo ulivyo, Noela. Mara nyingi anayeusema siye anayeumia kwanza. Lakini ulipogundua, hukungoja ukamatwe. Ulikuja kwa miguu yako mpaka kwenye ngazi yangu, ukaenda kupiga magoti kwa bibi yako, ukasugua milango mitatu. Mafundi wakubwa ninaowajua wengine hawawezi hilo la kwanza.” Alimpokea ile brashi, akaipindua, akairudisha. “Bado ina rangi ndani. Rudia. Na siku zote, kabla hujamchagulia mtu kitu atakachoishi nacho, muulize. Ukishamuuliza, peleka jibu lake kama alivyolitoa, hata kama hulipendi.”

“Nimeelewa,” Noela alisema, akafungua bomba tena.

Mama alitokeza dirishani mwa chumba cha bibi akiwa na vitambaa viwili begani, kimoja cha maua, kingine cheupe.

“Noela, pazia la hapa lipi?”

Noela aliviangalia. Alijua kabisa anachokipenda. Aliweka brashi pembeni, akajifuta mikono kwenye sketi.

“Nishushie vyote viwili, Mama,” alisema. “Nikamuulize Bibi.”